Dokta wa mifugo wa kuja nyumbani, Tabata: kabla hajamchoma mbwa wako mwambie afungue kuli boksi

Wiki mbili sasa nasema ntaandika kesho, ntaandika kesho, leo naandika. Ni kuhusu dokta wa mifugo anayezunguka majumbani huku kwetu Tabata, Segerea mpaka Kinyerezi. Amekuja kwangu mara tatu toka mwezi wa tatu, na naona wazazi wengi tuna mbwa na paka ndani lakini tukisikia chanjo ya kichaa cha mbwa tunaita mtu yeyote mwenye bomba la sindano, kama nilivofanya mimi mwaka jana. Jina lake siliweki hapa kwasababu sijamwomba ruhusa. Kikubwa nataka ukimwita dokta, huyu au mwingine yeyote, ujue umwangalie wapi kabla hujatoa hela yako.

Naanzia nyuma kidogo, vumilia.

Mbwa wetu anaitwa Tomi, wa kienyeji tu, rangi ya udongo, sikio moja limelala, shemeji yangu alituletea akiwa mdogo anaenea kwenye ndoo. Alivofikisha kama miezi minne nikauliza duka moja la dawa za mifugo wakasema wana kijana wa kuchanja, nikamwita. Alikuja saa nane mchana na bodaboda, jua lile la Dar unalolijua, akaingiza mkono kwenye mfuko wa jaketi akatoa kichupa, akavuta, akachoma, nikampa elfu kumi, akawasha pikipiki akaondoka. Dakika tano hazikufika. Hakunipa kadi, hakuandika chochote, na mimi nikaona nimepata huduma ya chapchap, nikawaambia watoto Tomi keshachanjwa.

Sasa mwezi wa pili mwaka huu mtoto wa jirani, wa kike, miaka sita, akaingia uani kwetu kufuata mpira. Tomi alikuwa anakula. Mtoto akapita karibu na sufuria, Tomi akamkamata shavu la mguu. Alama mbili za meno zimezama na damu inatoka. Mimi nilikuwa jikoni, nimesikia kelele nikatoka mbio, nakuta bibi yake keshafika na chumvi na ndimu anataka kupaka, mwingine anasema majani ya chai, mwingine anasema mafuta ya taa. Aliyetuokoa ni dada mmoja mpangaji anayefanya kazi zahanati, alimbeba yule mtoto mpaka bombani akafungulia maji akamwosha na sabuni ya kufulia, na akatukataza kumtoa mpaka robo saa iishe. Robo saa nzima jamani, mtoto analia, watu wanasema inatosha sasa, yeye anasema bado. Baadae ndo nikaja kuelewa kwamba lile bomba na ile sabuni ni tiba ya kwanza kabisa, virusi vya kichaa cha mbwa vinaoshwa hapohapo kwenye kidonda kabla havijashika njia ya mishipa ya fahamu kuelekea kwenye ubongo, na kwamba chumvi, majivu, ndimu na mafuta ya taa vinachubua tu kidonda.

Tukaenda kituo cha afya, mimi na mama yake. Nesi anaandika, hanyanyui kichwa, anauliza, mbwa ni wa nani? Nikasema wangu. Kachanjwa? Nikasema ndio. Kadi yake iko wapi?

Nilikaa kimya. Akanyanyua kichwa akaniangalia akasema, "Mama, bila kadi mi nahesabu hajachanjwa."

Mtoto akaanza sindano siku ileile, ikafuata ya siku ya tatu, ikafuata ya siku ya saba, kila moja mimi nililipa elfu thelathini, na sikulalamika, ndo haki yao. Tukaambiwa Tomi asiuawe, mana mtaani watu walishaanza kutafuta marungu, afungwe mahali salama aangaliwe siku kumi. Sababu yake ni kwamba mbwa ambaye tayari ana kichaa kwenye mate siku anayong'ata, ndani ya hizo siku kumi lazima aonyeshe dalili au afe. Akipita siku kumi mzima anakula, basi siku ile hakuwa na kitu cha kuambukiza. Ukimuua siku ya kwanza umepoteza jibu, labda apelekwe maabara.

Hizo siku kumi sitazisahau. Yule mama kila asubuhi saa kumi na mbili kabla hajaenda kazini alikuwa anakuja getini kwangu, haingii, anasimama na mkoba wake begani anauliza, "Kaamka? Kala?" Namjibu kaamka, kala. Anaenda. Jioni anarudi tena, "Kala?" Siku ya sita Tomi aligoma kula asubuhi kwasababu ya joto tu, na mimi niliogopa kutoka nje kumjibu. Ugonjwa huu dalili zikishaanza kwa binadamu tiba hakuna, karibu kila anayefikia hapo anakufa, na yule mama alikuwa anajua hilo kuliko mimi. Siku ya kumi ilipoisha Tomi anaruka ruka, kituoni wakasema sindano iliyobaki haina haja tena. Yule mama akakaa kwenye ngazi za kwangu akalia, nami nikalia.

Ndo nikamtafuta huyu dokta.

Siku ya kwanza alichelewa. Tulikubaliana saa nne akafika saa tano na nusu, simu anasema niko njiani niko njiani, hilo halikunipendeza na ntalirudia huko chini. Ila alivofika akafanya kitu ambacho sikuwahi kukiona. Alishusha kuli boksi ya bluu, ya zamani imechubuka pembeni, akaiweka kivulini chini ya mwembe, akaniita, "Mama njoo uone kabla sijaanza." Akafungua. Pakiti za barafu chini na pembeni, chupa za chanjo zimefungwa kwenye gazeti zisigusane na barafu moja kwa moja, na katikati kipimajoto kidogo chenye waya. Kinasoma tano. Akanambia chanjo inatakiwa ikae kati ya nyuzi 2 na 8, toka inapotoka kiwandani mpaka inapoingia kwa mbwa, na isigande. Akanipa kichupa nishike mwenyewe nisome tarehe ya kuisha muda. Kilikuwa cha baridi, kina jasho.

Nikamwuliza sasa ile ya mwaka jana iliyotoka mfukoni? Hakumsema vibaya yule kijana hata neno moja. Alisema, "Siwezi kukwambia ilikuwa nzima au ilishaharibika, hakuna mtu anayeweza kuiangalia kwa macho akajua, ndo mana tunatunza ubaridi." Alafu akanieleza kitu nilichokipenda kwasababu hakutaka kunitisha tu. Kuna utafiti ulifanyika hukuhuku Tanzania kwa chanjo ya kichaa cha mbwa inayoitwa Nobivac, wakaiweka kwenye nyuzi 25 miezi 6 na bado mbwa waliochanjwa nayo walipata kinga sawa na wale waliochanjwa na ya kwenye friji. Kwahiyo saa moja nje ya barafu siyo lazima ndo imekufa. Lakini pale joto lilipimwa na likaandikwa, akasema, na mfuko wa jaketi saa nane mchana hakuna aliyeupima, wala hatujui kile kichupa kabla ya kuingia mfukoni kilikaa wapi wiki ngapi.

Hiyo ndo point yangu yote ya hii rivyu. Kuchoma mbwa sindano siyo kazi ngumu, hata mimi naona ningeweza kujifunza kwa siku moja. Unachomlipa dokta ni ule ubaridi ambao hukuuona njia nzima, pamoja na karatasi inayothibitisha. Vile viwili vikikosekana umelipia maji.

Baada ya hapo hakuchoma. Aliuliza kwanza, anakula vizuri, anaharisha, ametapika, alichanjwa lini. Akamfunga Tomi mdomo na bandeji, kwa taratibu, anamsemesha, akampima joto kwa kipimo cha nyuma. Ilikuwa 38 na pointi kadhaa, akanambia kwa mbwa hiyo ni sawa, wao joto lao lipo juu kuliko letu, na mbwa akiwa na homa yeye hachanji anaahirisha, kwasababu mwili unaoumwa haujengi kinga vizuri. Ndo akachoma chini ya ngozi pale begani. Alafu akakaa. Nikamwambia dokta kama umemaliza sawa, akasema hapana, naangalia dakika ishirini kama uso utavimba, wengine mwili unaikataa. Akapewa maji ya kunywa akakaa palepale kwenye ndoo iliyogeuzwa.

Kadi akaijaza akiwa amekaa hapo. Kile kistika cha kwenye kichupa akakibandua akakibandika kwenye kadi, kina namba ya toleo la chanjo, alafu akaandika jina la mbwa, rangi, umri, tarehe, tarehe ya kurudia mwaka ujao, sahihi na muhuri. Nikaipiga picha nikaituma kwa mume wangu na kwa yule mama jirani. Yeye hakujibu kwa maneno, alituma tu alama ya moyo.

Kuna kitu kingine, nilimwomba amchome na sindano ya vitamini mana nilisikia inawapa nguvu. Angeweza kuchukua hela. Akasema anakula, anang'aa, hana haja nayo, hiyo hela mnunulie dawa ya minyoo. Dawa ya minyoo alimpa kwa kukadiria uzito, alimbeba Tomi akapanda naye kwenye mzani wangu wa bafuni akatoa uzito wake. Akanieleza mbwa mkubwa apewe kila baada ya miezi mitatu, vitoto ndo mara kwa mara zaidi. Na akatuonyesha sehemu ya uani watoto wanapochezea mchanga, palepale Tomi anapojisaidia. Mayai ya minyoo ya mbwa yanakaa ardhini muda mrefu, mtoto akitia mkono mdomoni yanaingia, na viminyoo vinavyoanguliwa vikifika jichoni vinaweza kuharibu uoni. Siku ileile tulihamisha mchanga wa watoto upande wa pili tukazungushia wavu, na kijana wangu mkubwa saivi kazi yake ya asubuhi ni kuokota kinyesi kwa koleo kabla ya shule.

Kwa watoto ntasimama kidogo, mana hapa dokta alinigusa. Alivomaliza aliwaita wote, wangu watatu na wa majirani kama saba hivi, shikamoo dokta, marahaba, akawakalisha mkekani. Akawauliza nani ameshawahi kung'atwa au kuparuliwa na mbwa au paka asiseme nyumbani. Mikono miwili ikanyooka. Mmoja ni mwanangu. Mwanangu wa miaka tisa, alishaparuliwa na meno ya mbwa wa njia ya shule mwaka mzima uliopita, akanyamaza kwasababu aliogopa ntamchapa kwa kuchelewa kurudi. Niliishiwa nguvu. Dokta hakumgombeza wala hakunigombeza, alimwambia umefanya vizuri kusema leo, kesho mama akupeleke hospitali wakusikilize, na tulienda. Dalili mara nyingi zinatokea ndani ya miezi miwili mitatu lakini wachache zinachelewa hata mwaka, ndo mana hata kama imepita muda mtoto apelekwe tu. Mwanangu yuko salama, Mungu ni mwema.

Alafu dokta akawafundisha. Mbwa anayekula, anayelala na anayenyonyesha haguswi. Mbwa usiyemjua akikufuata usikimbie, simama kama mti, mikono ubavuni, angalia chini. Akikuangusha jikunje kama jiwe, ziba masikio na shingo. Ukiumwa, sabuni na maji alafu kasema kwa mtu mzima, hata kama ulikuwa umetoroka. Akawahadithia mtoto wa Alsace, sehemu ambayo leo ni Ufaransa, mwaka 1885, umri wake ni sawa na wa mwanangu, miaka 9, anaitwa Joseph Meister, aling'atwa vibaya mwezi wa saba na mama yake akamsafirisha mpaka Paris kwa Louis Pasteur akadungwa chanjo ya kichaa cha mbwa, akapona, na ndo anayetajwa sana kuwa mtu wa kwanza. Watoto walikaa kimya wote. Mpaka leo wakicheza mmoja anakuwa mti.

Na hili jambo ni la watoto kweli. WHO wanakadiria watu 59,000 duniani wanakufa kwa kichaa cha mbwa kila mwaka, karibu wote kwa kung'atwa na mbwa, na kama 40 katika kila 100 ni watoto chini ya miaka 15. Na wengi ni Afrika na Asia, yaani ni sisi. Dokta anasema ukichanja mbwa 70 katika kila 100 wa eneo moja ugonjwa unakosa pa kupita, unakatika, na mfano upo hapa nyumbani, Pemba walichanja ukakatika, ukaja kuletwa tena na mbwa, wakarudia kuchanja ukakatika tena. Kwahiyo mbwa mmoja wa kwangu peke yake hatoshi, wa jirani asiyechanjwa ananihusu.

Mara ya pili nilimwita kwa ajili ya kupe. Tomi alikuwa nao masikioni na katikati ya vidole, watoto wanamtoa kwa mkono wanawapasua kwa kucha, nilikuwa sijui kama ni hatari. Mume wangu alikuwa anataka kumwogesha na dizeli kama walivokuwa wanafanya kwao. Dokta akatuomba sana tusifanye hivo, dizeli na oili chafu inamuunguza ngozi, alafu anajilamba anaimeza. Badala ya kumwangalia mbwa akaenda kuangalia banda. Akawasha tochi ya simu akamulika kwenye ufa wa ukuta, akaniita. Jamani. Ndani ya ule ufa wamejipanga kama choroko zilizolowekwa, wa kijivu wamevimba, na wadogo wadogo kama ufuta wanapanda ukutani. Kumbe huyu kupe wa mbwa akishashiba anadondoka anaenda kujificha kwenye nyufa, jike anataga mayai maelfu, kwahiyo wewe unaogesha mbwa kila wiki na nyumba inamrudishia kupe wapya.

Kwahiyo kazi ilikuwa ya banda. Tulichoma lile gunia alilokuwa analalia, fundi akaziba nyufa kwa simenti, tukapuliza dawa, Tomi akaogeshwa kwa dawa ya kuchanganya na maji na baada ya wiki mbili tukarudia. Kipimo dokta alikiandika kwenye karatasi kwa kalamu nyekundu, kifuniko kimoja kwa maji lita ngapi, na akasisitiza glovu, na mbwa asijilambe mpaka akauke, na maji yaliyobaki yasimwagwe kwenye beseni la kufulia. Saivi ni mwezi wa pili tangu hapo, kupe nimemuona mmoja.

Sasa paka. Tuna paka anaitwa Nyau, na nilitaka kutumia ileile dawa kumpaka na yeye, nikaona si ni kupe na viroboto tu. Dokta alinishika mkono kabisa. Dawa nyingi za mbwa zinaua paka, hasa zenye permethrin, hiyo ipo pia kwenye baadhi ya dawa za kupulizia wadudu, mwili wa paka hauwezi kuivunja, anaanza kutetemeka mpaka degedege. Na Panadol vilevile, hata kidonge kimoja kinatosha kumuua paka. Nyie mnaompa paka robo ya Panadol akiwa na homa, acheni leo. Nilikuwa nadhani dawa ya mtoto mdogo ni laini kwa paka pia, siyo kweli. Na paka naye anapata kichaa na anaambukiza, kwahiyo naye anachanjwa, ana kadi yake.

Haya, ambayo hayakunifurahisha.

Kuchelewa, nimeshasema. Mara tatu zote amechelewa, ya tatu masaa mawili, na mimi ni mtu wa kazi nimeomba ruhusa. Anatakiwa aseme ukweli, aseme ntafika saa saba nijipange.

Kwa paka hajajipanga kama kwa mbwa. Alikuja bila boksi la paka wala neti, Nyau aliona sindano akaparua mkono wa dokta akapanda darini, tukakaa saa nzima tunamwita na dagaa. Mwisho tulimfunga na taulo. Na kadi ya Nyau alisahau kubandika stika mpaka nikamkumbusha mimi. Kwa mtu aliyenifundisha umuhimu wa kadi, ile iliniuma, ila alirudi garini akaitafuta kwenye mfuko wa taka akaibandika na akaomba radhi.

Bei hakunitajia yote mwanzoni. Chanjo ya kichaa elfu kumi na tano, sawa, lakini nauli ya elfu kumi nilikuja kuisikia wakati wa kulipa. Analipwa kwa lipa namba au keshi. Mkiwa majirani kadhaa nauli mnachangia, sisi mara ya tatu tulikuwa nyumba nne ikawa elfu mbili na mia tano kila mtu. Jumapili hapokei simu kabisa, kwahiyo kwa dharura usimtegemee, uwe na namba ya hospitali ya wanyama. Na kufunga kizazi hafanyi nyumbani, anakupa rufaa uende penye meza na vifaa, hilo mimi naliona ni jema japo wengine waliniambia ni usumbufu.

Kama hela ni shida, ofisi ya mifugo ya kata yenu waulizeni, mara nyingi inakuwa nafuu kuliko wa kuja nyumbani, na kila tarehe 28 Septemba ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, sehemu nyingi wanachanja bure, tangazo linapita mtaani au kwa mjumbe. Bure au ya kulipia maswali ni yaleyale. Boksi lina barafu? Kipimajoto kinasoma ngapi? Tarehe ya chupa? Kadi na stika? Na kama ni mtu binafsi, omba kuona usajili wake wa Baraza la Veterinari, hizo ni taratibu za sheria na aliyesajiliwa hakasiriki ukiuliza. Huyu wetu nilivomuuliza aliutoa kwenye begi, upo ndani ya plastiki, hata hakushangaa.

Kwa watoto wa mbwa, chanjo ya kichaa ni kuanzia miezi mitatu, ila zile za parvo na distempa, magonjwa mengine yanayoua watoto wa mbwa, zinaanza mapema, wiki ya sita mpaka ya nane, na zinarudiwa rudiwa mpaka wiki ya 16 hivi, moja haitoshi. Shemeji yangu amepoteza watoto wanne wa mbwa kwa parvo wiki moja kwasababu walichanjwa mara moja tu akaona yamekwisha. Na mkimchanja leo msiseme kesho ana kinga, mwili unahitaji wiki kadhaa.

Nikihesabu, chanjo ya Tomi na nauli ni elfu ishirini na tano. Mimi nimelipa elfu tisini za sindano za mtoto wa mwenzangu, bajaji za kwenda na kurudi mara tatu, na zile asubuhi kumi za getini ambazo hazina bei.

Kwa kazi yake ya mbwa na kwa jinsi alivokaa na watoto nampa nyota tano kati ya tano. Kwa paka tatu. Kwa muda mbili. Ntaendelea naye.

Anarudi kwetu Jumamosi ya mwisho wa mwezi huu, tumefika nyumba kumi na moja, mbwa kumi na tano na paka sita. Yule mama jirani ndo anaandikisha majina, na yeye hana hata mbwa. Wa mtaa wetu wenye mbwa hajachanjwa wamfuate pale dukani kwake jioni, waje na mnyororo, na mwenye paka aje na boksi lenye matundu.